Paa Moja kwa Wasioonana

Dar es Salaam
14 Septemba 1996

Kwako wifi Anyisile,

Mwagonile? Nakusalimu kwa Kinyakyusa usije ukasema Dar imenila ulimi. Mimi mzima, ila joto linanionea, na chakula cha chuo hata kuku wako wangekikalia kikao kwanza. Kaka Dickson amerudi kutoka Karonga, au bado anazunguka na sabuni zake? Mwanao Angetile ameota meno ya mbele? Shangazi Marta mwambie kanga aliyonipa bado mpya, naiogopea maji ya huku.

Sasa jambo lenyewe. Tangu uliponiandikia kwamba Baba ameanguka na upande wa kushoto umelegea, sina raha. Daktari amesema atembee kila siku, anywe maji mengi, asikae peke yake kwenye unyevu. Na mimi na wewe tunakijua kibanda chake kule nyuma ya migomba. Mvua za Aprili zikija, maji yanamfuata hadi mvunguni mwa kitanda. Akianguka tena, nani atamsikia?

Mwaka huu tumeanza somo jipya linaloitwa usanifu endelevu. Ni kubuni majengo yasiyomaliza misitu, yanayotumia vitu vya hapo hapo, yanayopoa kwa upepo badala ya mashine. Mwalimu wetu, Mwalimu Ambrose, ametupa kazi moja ya mwaka mzima: kila mmoja abuni nyumba, ijengwe kweli, watu wahamie, naye aende kuikagua ndipo atoe alama. Wenzangu wanahangaika kutafuta wenye viwanja hapa hapa Dar. Mimi nikasema mcheza kwao hutunzwa. Nimemchorea Baba.

Mchoro uko ndani ya bahasha hii. Paa moja refu la nyasi, msingi wa tofali za kuchoma ulioinuliwa juu ya mafuriko, kuta za mianzi na udongo kama walivyojenga babu zetu, ila zimefungwa kitaalamu zaidi. Chumba cha Baba upande wa ziwani, vyumba vyenu upande wa milimani, na katikati ukumbi mmoja wazi. Ukumbi huo ndio pafu la nyumba. Upepo unaingia mbele unatokea uani, kwenye jiko na choo. Kuta za ndani hazifiki juu, hewa ipite. Paa moja badala ya mawili ni nusu ya miti, na Baba hatakuwa peke yake tena.

Mshawishi kaka, wifi. Yeye anakusikiliza wewe kuliko anavyosikiliza redio.

Wifi yako akupendaye,
Ikupa


Talatala, Kyela
20 Oktoba 1996

Wifi Ikupa, fundi mkuu wa mianzi,

Ndaga fijo kwa barua. Imekuja imelowana sijui kwa nini na mvua hazijaanza, labda dereva wa basi aliilalia. Sisi tupo. Dickson alirudi Jumamosi na sukari ya Malawi, kesho kutwa anaondoka tena. Siku hizi kila mtu ni mfanyabiashara, hata mwalimu wa shule anauza mitumba chini ya bendera. Kakao zimezaa na wanunuzi wanagombana mashambani kama majogoo. Angetile ameota jino moja, la pili limegoma.

Nimecheka, wifi. Umesoma miaka yote hiyo ili uje utuambie tujenge kwa mianzi? Majirani wote wanafyatua matofali ya saruji na kununua bati, sisi turudi kwa babu! Lakini nimebandika mchoro wako ukutani, kila anayeingia anausifu hata kabla hajauelewa. Dickson amekubali. Mianzi ipo shambani, na Zebedayo yule mjomba wa mume wangu atasimamia ujenzi. Nami nimefurahi, nisikufiche. Sijawahi kuishi katika nyumba iliyochorwa.

Hali ya baba yako siwezi kukuandikia kwa kumwona, unajua. Tangu niolewe humu miaka saba iliyopita, mkwe na mimi hatujaonana uso kwa uso, kama mwiko wa mila yetu unavyotaka. Jina lake sijalitamka na sitalitamka. Yeye ana njia yake kwenye migomba na choo chake, mimi nina njia yangu. Akija huku anakohoa kwanza, nami naingia ndani au najifunika kanga. Ninachokijua nakijua kwa masikio, na kwa Shangazi Marta anayempelekea chakula. Shangazi anasema anatembea na fimbo hadi kwenye mkakao wa kwanza na kurudi.

Neno moja, kuuliza si ujinga. Nimeugeuza mchoro wako juu chini, sijaona mlango wa nyuma upande wetu. Wote tunatokea ukumbini? Pengine sijui kusoma michoro.

Ni mimi,
Anyisile, mke wa kaka yako


Dar es Salaam
8 Desemba 1996

Wifi Anyisile,

Salamu nyingi, na pongezi kwa jino la Angetile. Mimi nakohoa kidogo kwa vumbi la jiji. Chuo kimetuambia tuchangie gharama, kwa hiyo Krismasi sitakuja. Nimeumezea mate wali wa Kyela, nitaula kwa mawazo.

Umesoma mchoro sawasawa. Mlango ni huo mmoja wa ukumbini. Nikiongeza mwingine nyuma ya chumba chenu, upepo unavuja kabla haujafika kwa Baba, na ukuta unataka nguzo zaidi. Mwalimu Ambrose amesifu ukumbi huo kuliko kitu chochote darasani. Nyumba njema si mlango, wifi, fungua uingie ndani.

Najua unachowaza. Lakini tusemezane kama watu wazima. Sisi ni Wakristo tangu babu. Jumapili wewe na Baba mnasikiliza mahubiri ndani ya kanisa moja na mbingu haijaanguka. Mila ile ilikuwa ya enzi za watu wenye nafasi, kila mtu na njia yake kwenye migomba. Leo ardhi imebana na miti imekwisha. Mkikaa karibu mtazoeana wenyewe. Mimi ndiye binti yake wa kumzaa, nakuhakikishia hatachukia.

Mwambie Mjomba Zebedayo asibadilishe kitu. Kipimo ni kile kile.

Ikupa


Talatala
9 Februari 1997

Wifi yangu,

Umeshindaje? Kwetu mvua zimeshika, mpunga umesimama vizuri, na Dickson ametuletea redio mpya inayoshika Malawi tu. Shangazi Marta anaumwa magoti lakini bado anatukana vizuri, kwa hiyo usiogope.

Nyumba imekwisha. Watu wametoka Njisi kuja kuitazama. Wanapapasa kuta, wanauliza nani fundi, nami najibu ni wifi yangu, msichana, yuko chuoni Dar. Mchungaji ameibariki. Baba yako amehamia upande wa ziwani na godoro lake na kiti chake kile.

Basi nikueleze tunavyoishi. Asubuhi anakohoa, maana yake anataka kutoka. Mimi naacha chungu motoni na kuingia chumbani hadi nisikie fimbo yake imerudi. Nikiwa uani nami nagonga sufuria kwa upawa, ajue nipo. Siku nyingine yeye anakohoa na mimi nagonga, hakuna anayetoka wala anayeingia, na uji unaungua. Juzi uliungua wa kwake mwenyewe! Kuta zako hazifiki juu, kwa hiyo najua anapogeuka kitandani, na yeye nadhani anajua ninapomkemea Angetile kwa sauti ya chini. Mume wangu akiwepo tunanong'ona kama wezi.

Nikiwa na haraka napitia dirishani. Dirisha lako ni pana, ndaga. Angetile ananicheka sana.

Dickson amesema atoboe mlango nyuma ya chumba chetu, ni kazi ya siku moja. Nimemwambia tukuulize kwanza, nyumba ni yako kwa namna fulani.

Lakini hewa inapita, wifi. Mwambie mwalimu wako hewa inapita vizuri sana.

Anyisile


Dar es Salaam
30 Machi 1997

Wifi mpenzi,

Barua yako imefika na Pasaka. Nimelisomea darasa zima pale uliposema hewa inapita vizuri sana, Mwalimu Ambrose akapiga meza kwa furaha. Hiyo ya dirisha nimecheka peke yangu chumbani.

Nina habari kubwa. Mwezi wa nane Mwalimu atakuja Kyela kuikagua, na pengine ataleta wageni wa mradi wanaotafuta mfano wa kuonyesha nchi nzima. Kazi yangu imewekwa ya kwanza. Wifi, hujui ni kitu gani kwa mtoto wa Talatala kusimama mbele ya watoto wa mawaziri na kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo nawaomba, msiuguse ukuta. Aikute kama ilivyochorwa. Akishaondoka, toboeni milango mnavyotaka, hata kumi. Ni kuvumilia tu hadi mwezi wa nane.

Baba anatembea kila siku? Anakunywa maji? Niandikie hilo, usiniandikie utani peke yake.

Ikupa


Talatala
25 Mei 1997

Wifi,

Samahani nimekawia. Daraja lilikatika, basi halikuja, na hata hivyo sikuwa na la kuandika isipokuwa maji.

Mafuriko ya mwaka huu hayana adabu. Nyumba tatu za saruji upande wa bondeni zimepasuka kuta, moja imelala chali na bati zake. Ya kwako haikuingia tone. Familia mbili zimekaa ukumbini kwetu hadi maji yaliposhuka, wakapika hapo, wakalala hapo, watoto wakakojoa hapo. Kila mtu anakuombea. Hayo yote ni kweli, mwambie mwalimu wako.

Umeniuliza kama anatembea. Wakati wa wale wageni asingeweza kupita. Walipoondoka nilidhani ataanza tena, lakini sisikii fimbo. Kukohoa nako ameacha. Mwanzoni nilifurahi, nikasema kifua kimepona. Shangazi Marta anasema maji anayompelekea asubuhi anayakuta jioni yamejaa vile vile. Akimuuliza, anajibu hana kiu.

Mguu wangu unaniuma kidogo, si neno. Ukuta haujaguswa, tunasubiri kama ulivyosema.

Anyisile


Dar es Salaam
15 Juni 1997

Wifi,

Naandika nikiwa nimesimama, kesho tunakwenda Mtwara kwa mafunzo ya kazi hadi mwisho wa Julai.

Hana kiu kwa nini? Mwambie Shangazi amlazimishe. Wazee wakiugua wanakuwa watoto. Ampe uji mwepesi kama maji anayakataa. Kaka Dickson akirudi ampeleke zahanati.

Nimefurahi sana kuhusu mafuriko. Imebaki kidogo tu.

Ikupa


Dar es Salaam
4 Agosti 1997

Wifi Anyisile,

Sijui nianzeje na salamu. Nimerudi kutoka Mtwara nikakuta simu ya maandishi imekaa ofisini kwa mlinzi mwezi mzima, imefunikwa na magazeti. Baba alishazikwa, mimi nilikuwa napima majengo ya watu wengine na kuimba kwenye gari.

Nimelia hadi wenzangu wameniogopa. Nitakuja, lakini kabla sijafika hapo na kutazamana na wewe, nataka nijue, maana tukiwa ana kwa ana utanifanyia utani na mimi nitakubali. Alikufaje? Ni kiharusi kilekile? Kwa nini aliacha kunywa maji? Ulijua? Na alisema lolote kuhusu nyumba?

Mwalimu Ambrose amenipa pole, ameahirisha safari. Anasema alama zangu hazitaguswa.

Tafadhali usinifiche, wifi.

Ikupa


Talatala
24 Agosti 1997

Wifi yangu Ikupa,

Pole, nasi tupoe. Matanga yameisha, watu wametawanyika. Dickson yupo, hasafiri, anakaa nje na kutazama barabara. Mpunga tumeuingiza ndani mwingi, na hakuna aliyeufurahia. Shangazi Marta amehamia kwa mwanawe Njisi. Amesema hawezi kuleta chakula asubuhi kwa mtu asiyekuwepo.

Umeniomba nisikufiche. Nilikuficha tangu Februari. Nilipenda kusifiwa kwa ile nyumba, watu wakija kutoka mbali, mimi nikiwaonyesha ukumbi kama niliuchora mimi. Na nilikuogopa kwa usomi wako. Ulipoandika tusubiri, ningeweza kumwambia Dickson achukue panga akate ule ukuta siku hiyo hiyo, na angekata. Nilisubiri. Hiyo yangu nitaibeba. Ya kwako ubebe mwenyewe, wifi, mimi sina mkono wa ziada.

Mguu niliokuambia unauma, niliuumiza mwezi wa nne. Mvua ilikuwa kubwa, alikohoa ghafla nami niko chumbani na chakula kinaungua nje. Nikatoka dirishani, nikateleza, nikaanguka kwenye tope na chungu kitupu nilichonunua mnadani Lyulilo mkononi. Nilipiga kelele. Yeye alisikia yote. Kuanzia siku ile hakukohoa tena.

Hatukujua kwa nini hadi msibani. Shangazi Marta alisimama mbele ya wanawake wote akasema. Alimbembeleza anywe, naye akamjibu hivi: "Dada, nikinywa nitataka kutoka. Nikitoka, mke wa mwanangu atakimbilia wapi na mvua hii? Apite dirishani kama mwizi, kwake mwenyewe?" Akamwapisha asituambie. Akawa anasubiri nikienda shambani ndipo atoke mara moja, na siku ambazo sikwenda shambani hakutoka kabisa. Wakati wa mafuriko sikwenda popote. Chumba kizuri, kina upepo, hakina unyevu, naye amekaa humo bila kujitikisa ili kitanda kisilie.

Umeuliza kama nilijua. Nilijua maji yanarudi. Sikutaka kujua zaidi ya hapo.

Siku yenyewe Shangazi alikuwa amekwenda mnadani, Dickson yuko Karonga, majirani wote wako mpungani. Mimi nilikuwa napepeta uani. Nikasikia kishindo upande wa ziwani. Niliita majina ya watu hadi koo likakauka, hakuna aliyeitika. Nikachukua kikombe cha maji nikavuka ukumbi nikaingia. Mwiko nimeuvunja mimi, na ningeuvunja mapema kama ningekuwa na akili.

Alikuwa sakafuni, midomo imepasuka. Nywele zake nyeupe kabisa, sikuwahi kujua. Nilimwita Tata, baba yangu, nikamwambia anywe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsemesha. Alipata funda moja, au halikupita, sijui, mengine yalimwagika kifuani. Watu walipofika jioni na machela alikuwa ameshakata roho. Mganga wa zahanati alisema kiharusi kimerudi, lakini akasema pia mwili ulikuwa umekauka muda mrefu, akatutazama sisi wa nyumbani vibaya, na alikuwa na haki.

Dickson alitoboa mlango siku ya pili baada ya mazishi. Ni mlango mzuri. Mwalimu wako akija aje, tutampikia, na aulize anachotaka.

Umeuliza alisema nini kuhusu nyumba. Kuhusu nyumba hakusema kitu, wala hakulaumu mtu. Katika miaka yote niliyokaa kwenu nimesikia kwake maneno yaliyoelekezwa kwangu mara moja tu, ni hapo nilipofika mlangoni na kikombe. Aliona kivuli changu. Akavuta blanketi kwa mkono ule mzima, akajifunika uso, akasema kwa upole, kama mtu anayempisha mwenzake njiani:

"Pita tu, mwanangu. Humu hamna mtu."

Anyisile